China au India? Uchumi kukua ni kitu kimoja, hisa kukulipa ni kingine

Mdogo wangu yuko Dubai, anafanya kazi ghalani, juzi usiku kaniandikia: "Kaka shikamoo, nina akiba kidogo sitaigusa miaka 15, niweke China au India?" Kabla sijaitikia kashajijibu mwenyewe, India, sababu Wahindi anaofanya nao kazi kila mshahara ukitoka wanatuma kiasi kwenye mfuko wa hisa kwao na wote wanachekelea tu. Nikamwambia tulia kwanza, huko kote kuna watu wamelia.

Tuanze na China. Hesabu ya wengi ni nyepesi, nchi inakua basi na hisa zitapanda. Haya, Oktoba 2007 kipimo cha soko la hisa la Shanghai kilivuka pointi 6,000. Toka hapo uchumi wa China kwa dola umekua zaidi ya mara 4, treni za kasi, magari ya umeme, simu, kila kitu, ila miaka 17 baadaye hiyo 6,000 ilikuwa bado haijaonekana tena. Au chukua Alibaba peke yake, ile kampuni kubwa ya kuuza vitu mtandaoni. Iliingia soko la New York Septemba 2014 kwa dola 68 hisa moja. Mapato yake ya mwaka ule yalikuwa yuan bilioni 52, ya mwaka wa fedha 2024 yakawa bilioni 941, yaani karibu mara 18! Na hisa? Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa inacheza kwenye 70. Miaka 10, biashara mara 18, we mwenye hisa umebaki palepale.

Katikati hapo ilishafika dola 300 na kitu, Oktoba 2020, ndo Jack Ma, mwanzilishi wake, akasimama Shanghai akawaponda wasimamizi wa mabenki, siku chache baadaye Ant Group, kampuni ndugu ya malipo ya simu, ikazuiwa kuingia sokoni zikiwa zimebaki siku mbili tu. Julai 2021 ikawa zamu ya kampuni za tuisheni, zikaambiwa kufundisha masomo ya shule kwa faida basi, biashara nzima ikafa kwa tangazo moja. Na ujue ukinunua Alibaba New York unachoshika ni hisa za kampuni iliyosajiliwa Cayman, ambayo baadhi ya biashara za ndani ya China inazishikilia kwa mikataba tu, haizimiliki moja kwa moja.

Ila bei nayo ina neno lake. Mwanzoni mwa 2024 kapu la hisa za China lilikuwa linauzwa kama mara 10 ya faida ya mwaka ya kampuni zake, la India mara 20 na zaidi. Aliyenunua Alibaba kwenye 70 wakati watu wanakimbia, 2025 kaiona inavuka 150. Kwa hiyo anayesema China si ya kuwekeza kabisa na yeye anakosea, ilikuwa bei ya kutupwa ndo maana ikalipa.

Sasa India. Mwenye hisa kule kapewa chake kweli, Sensex, kipimo cha soko lao la hisa, ilikuwa 21,000 Januari 2008, Septemba 2024 ikavuka 85,000. Mara 4! Hapo ndo mdogo wangu anaposhangilia, ila yeye mshahara wake ni dirham ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola, na 2008 dola moja ilikuwa kama rupia 39, 2024 ni 84. Kwa dola ile mara 4 inabaki kama mara 2 hivi kwa miaka karibu 17, bila kuhesabu gawio, na njiani 2008 hiyohiyo ilishuka mpaka chini ya 9,000. Sisi tulioona shilingi ya Kenya ikifika 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 hatuhitaji kuelezwa sarafu inavyokula faida.

Halafu wale wenzake wa ghalani ndo haohao wanaofanya India iwe ghali. Toka Aprili 2024 michango ya namna hiyo kwa India nzima imekuwa zaidi ya rupia bilioni 200 kila mwezi, wawekezaji wa nje wakiuza wenyeji wananunua zote. Ni nguzo nzuri, ila wewe unayeingia leo unalipa bei ya mtu asiyeuliza bei.

Mi nimemwambia hivi: India iwe kubwa, lakini aingie kidogo kidogo kila mwezi, asimwage zote siku moja. China aweke kiasi ambacho siku vita vya China na Taiwan vikiwaka, akakuta akaunti inasoma sifuri kama wageni waliokuwa na hisa za Urusi 2022 ilipoivamia Ukraine, atalala na kesho ataenda kazini kama kawaida. Kwangu mimi hiyo ni sehemu moja kati ya tano, zaidi ya hapo sisubutu.

Kanijibu kwa sauti ya dakika mbili, kelele za forklifti nyuma, anauliza na Vietnam je.