Priseti au masikio, anayeanza kumiksi aanze na nini?

Huu ubishi wa watu wa saundi hauishi. Kuna wanaosema anayejifunza kuediti na kumiksi, yaani kukata na kusawazisha sauti zilizorekodiwa, achukue priseti, ile mipangilio iliyowekwa tayari kwenye plagini (vijiprogramu vya kubadilisha sauti), abonyeze aendelee na mambo yake, na kuna wale wa zima kila kitu kaa na fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha volyumu, mpaka masikio yafunguke. Mi nimepita kote kote.

Wa priseti nawaelewa. Mtu kafungua Audacity au Reaper, programu za kurekodi na kuediti, mara ya kwanza, ana voko (sauti ya mwimbaji) moja na biti, anakutana na kompresa, plagini ya kubana sauti ikizidi, yenye threshodi (kiwango inapoanzia kubana), reshio (inabana kiasi gani), ataki na rilisi (inabana na kuachia haraka kiasi gani), hapo ndo wengi wanakata tamaa. Priseti inampa kitu cha kusikilizika leo leo, na akiwa mdadisi ataifungua aone, ahaa, kumbe wamekata sauti nzito za chini ya Hz 80, kumbe reshio ni 3 kwa 1. Hayo nayo ni masomo jamani.

Shida, priseti haijawahi kusikia sauti yako. Threshodi ikikaa -20 dB na voko yako haifiki hapo, kompresa imelala tu, ukirekodi kwa nguvu nayo inakaba kila neno. Niliwahi kuweka moja ya kung'arisha voko, ikapandisha sauti nyembamba za juu kwenye Hz 6000 hivi, kila "s" ikawa inachoma sikio, halafu kompresa ikavuta na mngurumo wa feni ambao hata sikujua upo. Nikaongeza plagini ya kutuliza "s", nikaongeza ya kufuta kelele, zikafika saba, kumbe dawa ilikuwa kuzima feni na kurekodi upya!

Na kuna mtego mwingine, priseti nyingi zinapandisha volyumu, na sikio likisikia sauti imepanda kidogo linadhani imekuwa nzuri. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walishaonyesha tangu 1933 kwamba volyumu ikiwa chini besi tunaisikia kwa shida, ukiongeza inajitokeza. Kwa hiyo linganisha volyumu kwanza ndo uwashe na kuzima, unaweza kukuta muujiza wote ulikuwa dB 3 tu.

Ila wa masikio nao wanazidisha. Sikio la siku ya kwanza halijui tope la Hz 300, ule mrundikano unaofanya sauti isisikike safi, likoje, na ukiwa na hedifoni zilizojaa besi utapunguza besi ambayo wala haijazidi. Hapo mita, ile ya kuonyesha viwango vya sauti, inasaidia, na wimbo unaoujua vizuri uuweke pembeni wa kulinganishia.

Mi ningemwambia aanze na editi, kila mkato auwekee fedi (sauti kuingia au kutoka taratibu) ya milisekunde 5 usitoe "tik", halafu fada tupu mpaka kila neno lisikike juu ya biti, piki, yaani pale sauti inapofika juu kabisa, asizidishe -6 dB. Priseti ije baadaye, akishajua nini kinakosekana, na akishindwa kusema imebadilisha nini aitoe.