Kesi kwa skrini Lamu: sawa, lakini si kila kesi

Machi 2024 Jaji Mkuu wa Kenya, Martha Koome, alizindua uwasilishaji wa kesi kwa mtandao katika mahakama zote nchini. Kusikiliza kesi kwa video kulishazoeleka tangu korona ya 2020. Kwa Nairobi mpango huo haujadiliwi sana. Lamu unataka kutazamwa upya, kwa sababu huku kuna bahari katikati.

Gereza la Hindi liko bara, mahakama iko Amu mjini, kisiwani. Mahabusu ambaye kesi yake inatajwa tu ili ipangiwe tarehe nyingine husafirishwa hadi gati ya Mokowe, avushwe kwa boti chini ya ulinzi, kisha arudishwe vivyo hivyo. Mafuta yanachomwa, askari wanashinda njiani, na bahari ikichafuka kwa upepo wa kusi ni hatari kwa wote. Video inaondoa adha hiyo. Tena faili lililo kwenye mfumo si rahisi kufichwa kabatini mpaka mtu atoe kitu kidogo. Baadhi ya wanaolalamikia mfumo mpya wanalilia kabati hilo, na hao sina huruma nao.

Ila si kila anayesita ana la kuficha. Mzee wa Faza, kisiwani Pate, asiye na simu ya maana bado atapanda boti aje mjini kumlipa kijana wa saiba, duka la intaneti, amjazie fomu ya mtandaoni. Serikali imeokoa gharama zake, na za mzee zimeongezeka.

Linalonisumbua zaidi ni mwili wa mshtakiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata iwapo muda huo utaishia nje ya saa za mahakama. Shabaha yake si tarehe pekee. Hakimu amtazame mtu: anachechemea? Ana uvimbe? Anaogopa kumtazama askari aliye kando yake? Kwenye skrini anaonekana uso tu, na huyo askari huenda yuko hatua moja kutoka kwenye kamera. Wala mshtakiwa hawezi kumnong'oneza wakili wake. Kwa hiyo msimamo wangu: kutajwa kwa kesi kufanywe kwa video, lakini siku ya kwanza ya kufikishwa mahakamani na siku za ushahidi mtu aletwe, hata kama boti ni ghali.

Nani atalisimamia hilo? Hakimu ana wakubwa wake, kiongozi wa mashtaka ana wake, polisi na magereza vilevile, na hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Ndiyo maana Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 iliunda Baraza la Kitaifa la Utawala wa Haki, ambalo mashinani lina kamati za watumiaji wa mahakama. Hapo karani, askari wa gereza na wakili wanaweza kukaa meza moja kabla mfumo haujawashwa, si baada ya kukwama.

Na uhamisho nao uangaliwe. Afisa anafunzwa mfumo, anauzoea, kisha barua inamtoa Lamu, na anayekuja anaanza moja. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, wakubwa wa idara hizo wakubaliane kwamba aliyefunzwa haondoki mpaka amkabidhi mwenzake kazi, wakiwa wamekaa pamoja kwa wiki kadhaa.