Mmoja ashike kibuyu, mwingine ashike maneno

Kwa Kihawaii mwalimu wa hula, ile ngoma ya asili ya Hawaii, anaitwa kumu, na neno hilohilo ndio shina la mti, ndio chanzo. Nimelipenda hilo neno tangu nilipolisikia, na wiki hii nimekesha siku mbili YouTube naangalia video za hula ile ya zamani, kahiko wanaiita, mwalimu kakaa chini na kibuyu chake anakigonga huku anaghani, wachezaji mbele yake wanaitikia kwa mwili mzima. Kwa hiyo acha niandike tu maana limenikaa kichwani.

Kuna mtu na mkewe huko Kailua, kisiwa cha Oʻahu, Mapuana na Kīhei de Silva. Mama ndiye kumu, shule yake inaitwa Hālau Mōhala ʻIlima na aliianzisha 1976. Mume kazi yake ni maneno. Anauchukua wimbo mmoja anauchimba, nani aliutunga, alimtungia nani, ile mvua inayotajwa kwenye ubeti wa pili ni mvua ya wapi, halafu anaandika maelezo marefu. Na kule si jambo la kujifurahisha tu, kwenye mashindano makubwa ya hula ya Merrie Monarch, kwenye mji unaoitwa Hilo, yaliyoanza 1971, kila kundi linawapa majaji maelezo ya maandishi kuhusu wimbo wao, maana yake na historia yake. Yaani hujaingia hata stejini ushaulizwa, unajua unachokicheza?

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mimi naamini kabisa ngoma ikishaachana na lugha yake inabaki mazoezi ya viungo. Wahawaii wana kitu wanakiita kaona, maana iliyofichwa ndani ya maneno, na sisi watu wa taarabu hapo hatuhitaji mkalimani, ni mafumbo tu, unaimba ua kumbe unamsema mtu, unaimba mvua kumbe ni mpenzi kaja usiku. Mvua zao zina majina, kila mahali na yake, ya Hilo inaitwa Kanilehua, ya bonde la Mānoa inaitwa Tuahine. Sasa binti anacheza hiyo mvua kwa vidole vizuriii, lakini kama Kihawaii hajui atajuaje kama hapo anatakiwa atabasamu au alie?

Na hawa watu lugha ilikuwa imewatoka mkononi kabisa jamani. Mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, akiwa keshaokoka kwa wamisionari, alipiga marufuku hula hadharani. Mfalme Kalākaua ndiye aliyekuja kuirudisha kwa heshima, kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883 ilichezwa waziwazi, na hayo mashindano ya Hilo yamebeba jina lake la utani. Halafu 1893 ufalme ukapinduliwa, 1896 ikatoka sheria Kiingereza ndio lugha ya shule, watoto wakawa wanachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 inasemekana watoto chini ya miaka 18 wanaokisema vizuri hawakufika 50. Hamsini! Mwaka 1984 wazazi wakafungua shule ya kwanza ya chekechea kwa Kihawaii, wakaiita Pūnana Leo, kiota cha sauti. Lakini katikati ya huo ukame wote maneno yalikuwa yamejificha wapi? Kwenye magazeti ya zamani ya Kihawaii, na kwenye nyimbo za hula, kwa wale walimu.

Na nimeona hii habari ya wanandoa inajirudia. Mwalimu wa Mapuana alikuwa Maiki Aiu Lake, na mume wake Maiki, Kahauanu Lake, alikuwa mwanamuziki, mke anafundisha mume anapiga. Leo wapo Keawe na Tracie Lopes, wote wawili kumu wa hālau moja, yaani shule moja ya hula, na Keawe anafundisha Kihawaii chuo kikuu pale Mānoa. Kwangu hii si bahati. Kazi ya namna hii haina saa za ofisi, wimbo unajadiliwa jikoni, mtoto anasikia akiwa anakula. Binti wa akina de Silva, Kahikina, naye ni mwalimu wa Kihawaii chuo kikuu hukohuko. Huyo hakufundishwa darasani peke yake, alikulia ndani ya hayo maneno.

Ndio maana ile hula ya hotelini, sketi za plastiki na vifuu vya nazi kifuani, inaniuma, na inaniuma kwa sababu naijua. Mwanangu mwaka jana walifundishwa sindimba shuleni kwa ajili ya mahafali, wamecheza vizuri, nikamuuliza huo wimbo unasemaje, akaniangalia tu. Mwalimu hakuwaambia, labda na yeye hakuambiwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mcheza lelemama Tanga. Nina video zake mbili kwenye simu, kakaa mkekani anaimba na mikono inakwenda taratibu, nilimrekodi kwa sababu alikuwa anapendeza. Sikumuuliza maneno. Kuna ubeti mmoja anautaja mlimau halafu anacheka mwenyewe, na mama yangu hajui alikuwa anacheka nini. Shoga yake mmoja bado yuko hai, Pongwe, Jumamosi nampelekea hiyo simu aisikilize, na daftari nabeba.