Nilitaka mabuti, nikapewa mbwa wawili

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hanunui kitu bila kupatana. Hata ukinitajia bei ya bure nitakuuliza ya mwisho ngapi. Tabia hiyo ndiyo iliyoniburuza kwa tumbo juu ya theluji ya Norwe.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo Tromsø, mji ulio nyuzi 69 kaskazini. Jua la huko huaga mwishoni mwa Novemba, likarudi katikati ya Januari, tena likirudi huchungulia tu nyuma ya mlima kama mdeni anayeangalia kama mwenye duka yupo. Kufika Februari viatu vyangu vya Kariakoo vilikuwa vimefunua midomo. Mwenzangu mmoja, Mkongo wa Bukavu, akaniambia, "Ndugu, kuko mzee moja nje ya mji, anauzisha vya baridi, vya bei chini."

Kumbe mitumba si yetu peke yetu! Mzee alikuwa na banda la mbao limejaa soksi za sufu, sleji (vyombo vya kuteleza juu ya theluji) za kila ukubwa, mikanda ya kufungia mbwa, na ngozi za reindia, yule mnyama mwenye mapembe kama matawi ya mwembe. Nje kulikuwa na mbwa kumi na wanne, kila mmoja na kijumba chake, wote wakibweka kwa pamoja kama abiria waliokatiwa tiketi za kiti kimoja. Wale waliostaafu kuvuta sleji nao walikuwa wanauzwa, kwa mtu atakayewatunza. Mimi hayo ya mbwa sikuyatilia maanani. Nilikuwa nimeshayaona mabuti yangu: kroner 400.

Nikakunja uso. Nikayapindua mabuti, nikaguna, nikayarudisha, nikayachukua tena. Kisha nikasema kwa Kinorwe changu cha wiki sita: mia mbili.

Sasa elewa jambo hili. Kwa Kinorwe, mia mbili ni *to hundre*. Mbwa wawili ni *to hunder*. Tofauti ni pale tu ilipokaa hiyo r. Na Mswahili akikutana na konsonanti tatu zimesongamana namna ile, lazima achomeke irabu apate kupumua. Nikatamka, kwa kujiamini kabisa, "To hundere."

Uso wa mzee ukachanua. "To?" akauliza, akionyesha vidole viwili.

"Ja, to!" nikajibu, na vidole vyangu viwili juu. Akaongeza maneno marefu ambayo sikuambulia hata moja, nami nikayajibu yote kwa ja, ja. Akanipiga bega, akatoka. Nusu bei bila hata kutoa jasho! Nikavaa mabuti yangu palepale, nikijiona mjanja kuliko wanafunzi wote wa kigeni mjini.

Aliponiita nje, nilikuta kiti kimefungwa juu ya vyuma viwili virefu. Wenyeji wanakiita spark. Wazee huendea nacho dukani, mtu akisimama nyuma na kusukuma kwa mguu mmoja. Hiki kilikuwa kimefungiwa mbwa wawili. Nikadhani ni nyongeza, ananisindikiza mpaka kituo cha basi. Nikawatazama wale mbwa, hata kilo thelathini hawafiki kila mmoja, nikajitazama mimi mwenye kilo 82, nikawaonea huruma.

Nilipopanda tu nyuma, kabla mzee hajamaliza maelezo, kelele zote zikakatika. Mbwa wale hupiga kelele wakisubiri, wakianza mbio huwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichonitisha. Spark haina breki, breki ni miguu yako, na yangu ilikuwa imeshabaki nyuma. Nyuma huko mzee alikuwa anapiga kelele neno moja tu, nikalielewa baadaye: usiachie! Sikuachia. Nilianguka bila kuachia, nikaenda kwa tumbo mita zisizopungua mia mbili (za kweli), na theluji ikiniingia kolani na kutokea nisipopataja.

Tulisimama ufukweni, kwenye chanja za kukaushia samaki. Vichwa vya samaki vilikuwa vimening'inizwa kwa mamia. Huko huvikausha wakavisafirisha mpaka Nigeria. Mbwa walivitamani, hawakuvifikia, wakageuka kunilamba mimi. Uso, mikono, masikio, mabuti. Mzee alinikuta nimelala chali, akaniuliza kama nawachukua wote wawili.

Nikalipa kroner 400 bila neno.

Jioni nikampigia mama. Hakuuliza kama nimeumia. "Mbwa amekulamba? Osha mara saba, moja kwa udongo."

"Mama, udongo uko chini ya theluji inayonifika kiunoni." Wenyeji wanaicheka hiyo, wao Aprili 1997 iliwafika sentimita 240.

"Basi chimba."

Nikachimba, jirani akinitazama dirishani. Nilipoifikia ardhi, ilikuwa imeganda kama zege, koleo likanirudia mkononi. Ikabidi niende dukani. Udongo wa maua ulikuwapo, ila mfuko mdogo ulikuwa umekwisha, nikajitwika wa lita 40.

Binti wa kwenye malipo akacheka, akaniuliza nitapanda nini na baridi hii. Nikatafuta namna ya kumweleza madhehebu ya Shafi kwa Kinorwe, nikakosa. Nikaegemea mfuko wangu, nikasema taratibu, na safari hii r nikaipatia mahali pake: "To hunder."

Tabasamu likamtoka. Akaweka mkono kifuani, akanipa pole ya msiba.