Kabla ya kununua doki, ijue laptopu yako

Mtu akiniuliza doki gani nzuri ya kuunganisha skrini mbili, yaani kile kisanduku kinachounganisha vifaa kadhaa na laptopu kwa kebo moja, nami humuuliza anatumia laptopu gani. Mara nyingi hakulitarajia swali hilo. Boksi la doki lina picha ya skrini tatu zinazong'aa, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba doki ndiyo inayozileta. Ukweli ni kwamba picha inatengenezwa ndani ya laptopu, na doki ya kawaida huipokea kwa kebo moja na kuigawa tu. Laptopu isiyoweza kuendesha skrini mbili za nje haitapewa uwezo huo na doki ya aina hiyo, hata iwe ya bei gani.

Mkanganyiko unaanzia kwenye tundu la laptopu unalochomeka doki, yaani USB-C. USB-C ni jina la umbo la tundu tu. Tundu moja linaweza kupitisha data peke yake, jingine data na umeme, jingine vyote hivyo pamoja na picha, na kwa macho yote ni yale yale. Picha hupita pale tu mtengenezaji alipoweka mojawapo ya teknolojia zinazopitisha picha kwenye tundu hilo: DisplayPort Alt Mode, au Thunderbolt, au USB4. Baadhi yao huchora alama ndogo pembeni: herufi P iliyo ndani ya D, au mshale uliopinda kama radi. Wengine hawachori chochote, na jambo hilo linanikera sana. Mnunuzi analipa pesa nyingi kisha anaachiwa abahatishe, kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kompyuta za Apple zinaonyesha jambo hili waziwazi. MacBook Air ya chipu ya M1, iliyotoka mwaka 2020, inaendesha skrini moja tu ya nje, na ya M2 vivyo hivyo. Ya M3 inakubali mbili, ila lazima kifuniko kiwe kimefungwa. Ni kwa M4, mwaka 2025, ndipo unapata mbili huku kifuniko kikiwa wazi. Juu ya hayo, macOS haitumii MST kutenganisha skrini, yaani ile njia ya DisplayPort ya kupitisha picha kadhaa tofauti kwenye mkondo mmoja. Windows inaitumia. Ndiyo maana doki ile ile itampa mwenye Windows skrini mbili zenye kazi tofauti, halafu mwenye Mac aone kitu kimoja kimejirudia kwenye zote mbili. Doki haijaharibika, na kuirudisha dukani ukachukue nyingine ya aina hiyo hiyo hakutasaidia.

Kuna kasoro nyingine ambayo watu huivumilia bila kujua kuwa ni kasoro. Zungusha kipanya haraka kwenye skrini ya 4K, yaani yenye nukta nyingi sana, iliyopitia doki ya bei nafuu, uutazame mshale. Ukiruka-ruka badala ya kuteleza, na maandishi yakikatika-katika unaposhusha ukurasa, basi huenda skrini inapokea picha 30 tu kwa sekunde badala ya 60. Sababu ni hesabu. USB-C ina njia nne za kasi, na doki nyingi huchukua mbili kwa ajili ya data ya USB. Kwa kasi ya toleo la DisplayPort 1.2, njia mbili zinazobaki hubeba gigabiti 8.64 kwa sekunde, ilhali 4K ya Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya 12. Toleo la HDMI 1.4 nalo linaishia Hz 30 kwa 4K. Boksi litaandika "4K" kwa herufi kubwa, na ile 30 utaitafuta kwenye maandishi madogo. Mimi, kwa mtu anayesoma na kuandika kutwa nzima, ningemchagulia skrini mbili za 1920 kwa 1080 zenye Hz 60 kuliko 4K moja inayosuasua. Zote mbili zinaenea kwenye zile gigabiti 8.64.

Njia ya kukwepa mipaka hii ipo, nayo ni doki za DisplayLink. Unaweka draiva, yaani programu ya kuiendesha doki, prosesa inaibana picha na kuituma kama data ya kawaida, kisha chipu iliyo ndani ya doki inaifungua. Kwa barua pepe, hati na majedwali inafanya kazi vizuri, na kwa mwenye M1 anayetaka skrini mbili ndiyo njia ninayomshauri. Ila prosesa inabeba mzigo, kwa hiyo michezo na uhariri wa video usiitegemee. Kwenye Mac itakuomba ruhusa ya kurekodi skrini, na filamu zenye ulinzi wa hakimiliki zinaweza kuonyesha weusi mtupu. Muuzaji anapaswa kuyasema haya kabla ya kupokea pesa.

Angalia pia wati ambazo doki inaipa laptopu. Laptopu inayotaka 100 ikipewa 60, betri itashuka kazi ikiwa nzito hata kama imechomekwa.

Kwa anayenunua laptopu sasa, Thunderbolt 4 inapunguza kubahatisha, maana masharti yake yanadai uwezo wa skrini mbili za 4K kwa Hz 60. Kwa mwenye laptopu tayari, fungua ukurasa wa vipimo wa modeli yako na utafute mstari unaotaja idadi ya skrini za nje. Na ukiona kwamba unataka skrini moja tu ya ziada, na laptopu ina tundu la HDMI ubavuni, nunua kebo ya HDMI uchomeke. Hapo huhitaji doki.