Haba na haba huisha gogo

Mweka hazina wa kikundi cha akiba cha vijana wa boda boda, huku kwetu Bweyogerere karibu na Kampala, alisimama kuhimiza michango. "Ndugu zangu," akanguruma kama mhubiri, "haba na haba huisha gogo!" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja tu, mwanajeshi mstaafu, ndiye aliyeinua mkono: "Gogo lipi hilo, mwanangu? Letu?"

Mweka hazina alikusudia kibaba kijae, mkia wa "bandu bandu huisha gogo" ukamponyoka. Na kwa jinsi ninavyoona vikundi vya akiba vikiishia, sidhani kama alikosea sana.

Mimi namtetea. Methali zetu nyingi zina vipande viwili: msemaji hutoa cha kwanza, wasikilizaji wakamalizia. Aliyelelewa nazo anavyo vyote kichwani. Sisi wengi wa Uganda Kiswahili tumekiokota sokoni, kambini, na mpakani Busia na Malaba. Rais Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikuwa wakikisikia kwa mwenye bunduki, na mwenye bunduki hana muda wa methali. Ukipata kipande kimoja, kingine unakiazima popote.

Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vizuri. Ninachohofia ni ile kalamu nyekundu kwenye zoezi la "kamilisha methali". Mtoto akiandika "Usipoziba ufa utavunjika guu", mimi nampa alama zake. Ufa ukiwa sakafuni, guu si linavunjika kweli?

Ila huruma yangu ina mpaka. Kijana mmoja wa Arua, Ramadhani ikikaribia, aliwaalika majirani kwa furaha: "Karibuni kesho kwetu, tunavunja ungo!" Maskini, alitaka kusema wanavunja jungu, wale washibe kabla ya kufunga. Kuvunja ungo ni habari ya msichana aliyebaleghe, na haitangaziwi mtaa mzima. Kina shangazi walicheka hadi kanga zikawadondoka. Hapo mtu avutwe kando, anong'onezwe.

Na yule mshereheshaji wa harusi kule Jinja, aliyetangaza kwamba maharusi wamepata kifungo cha maisha badala ya kufunga pingu za maisha? Huyo asiguswe. Waliotangulia kumpigia makofi ukumbini ni wenye ndoa zao.