Jeki: Mtumishi Aliyegeuka Chombo

Fundi wa gereji anapoagiza jeki ili ainue gari, anatamka jina la mtu. Kwa Waingereza, Jack ni jina la utani la John, na tangu Enzi za Kati lilitumika kwa watu wa chini wengi mno hata likawa jina la yeyote asiye na cheo: kijana wa kazi, baharia, kibarua. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chombo kilichofanya kazi ya kijana huyo kilirithi na jina lake.

Ushahidi wa kwanza uko jikoni. Katika majumba ya wakubwa, mvulana alikaa kando ya moto akizungusha ufito wa chuma uliochomekwa nyama, na mtambo uliokuja kumpokonya kazi hiyo ulikwisha kuitwa jack katika karne ya 16. Karne iliyofuata, kibao cha kuvulia buti nacho kikaitwa hivyo. Wajerumani hukiita kibao hicho Stiefelknecht, yaani mtumishi wa buti, na maseremala wa Ufaransa wana chuma cha kubania ubao mezani wanachokiita valet, kama aitwavyo mtumishi wa nyumbani. Mimi naupa ushahidi huu uzito mkubwa kuliko wote, kwa kuwa lugha zisizomjua Jack zimepita njia ileile. Hata karata ambayo Waingereza huiita Jack, Kiswahili huiita ghulamu, neno la Kiarabu la kijana au mtumishi.

Wapo wanaopinga, ingawa si wote wanaopinga jambo moja. Baadhi husema Jack ametokana na Jacques wa Kifaransa, ambalo nalo lilikuwa jina la kumdhihakia mkulima. Uasi wa wakulima wa Ufaransa wa mwaka 1358 uliitwa Jacquerie kwa sababu hiyo. Upande wa John hujibu kwamba Jankin, yaani John mdogo, lilifupishwa hatua kwa hatua hadi likawa Jack. Nauona upande huu kuwa na nguvu zaidi, lakini hata Jacques akishinda, hoja ya mtumishi haitikisiki, maana naye alikuwa mtu wa chini vilevile.

Pingamizi zito ni lile la vyombo ambavyo havikuchukua kazi ya mtumishi yeyote. Tundu la kuchomekea waya wa spika huitwa jeki kwa sababu swichi za kuunganishia simu za karne ya 19, ambako tundu hilo lilianzia, zilifanana na kisu cha kukunja, ambacho Kiingereza hukiita jackknife. Hapo jina limetoka chombo hadi chombo kwa kufanana umbo tu, na anayelazimisha kumtafuta kijana wa kazi ndani ya tundu hilo anapoteza muda wake.

Jeki ya kuinulia mizigo haina utata huo. Ilikuwa na jina hilo muda mrefu kabla ya Richard Dudgeon wa New York kusajili jeki ya maji, yaani inayoinua kwa shinikizo la kimiminika, mwaka 1851, na kazi yake ni ileile ya vibarua waliokuwa wakiinua mzigo kwa mabega. Kenya wameipa maana nyingine tena: magazeti huandika kwamba kilimo kimepigwa jeki, yaani kimesaidiwa kuinuka. Msemo huo ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa jeki huinua kwa muda tu, na mzigo usipowekewa kigingi hurudi chini.